Mradi wa kupitiana: shajara ya majira ya baridi Trondheim

Septemba, wiki ya mwisho

Tumekubaliana kuanza sasa, watu wakiwa bado wana nguvu ya kupanga. Mtu akishazama kwenye blanketi mwezi wa kumi na mbili, huwezi kumpigia simu ukamwambia habari za ratiba. Hapokei.

Kikundi chetu ni cha watu mchanganyiko. Kuna sisi wa Tanga na Mombasa tuliokuja huku Norwei kwa masomo au ndoa, kuna familia za Uvira, Fizi na Bukavu zilizopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na Warundi wachache. Wengi tunafanya kazi kwenye makao ya wazee, kwenye usafi, jikoni na kwenye mabasi. Kinachotuunganisha ni lugha, na kila mwaka kuanzia Novemba kinatuunganisha pia kile ambacho kila mmoja hukaa nacho kimya ndani ya nyumba yake: uchovu na huzuni ya miezi ya giza.

Trondheim iko nyuzi 63 kaskazini mwa ikweta. Wiki hii mchana na usiku vinakaribia kulingana kama kwetu, lakini kila siku inayopita mchana unapungua kwa dakika kama 6. Ikifika tarehe 21 Desemba, jua litachomoza saa nne asubuhi na kuzama saa nane na nusu mchana. Msomaji wa Tanga au Mombasa, ambaye tangu azaliwe saa moja asubuhi imemkuta jua liko nje, hahitaji maelezo zaidi.

Nataka niandike mapema jambo ninaloliamini kuhusu sisi hasa. Tumelelewa kulikimbia jua. Mgeni anawekewa kiti chini ya mwembe, mapazia yanafungwa mchana ili nyumba ipoe, mtoto akicheza nje saa saba anaitwa ndani. Ni tabia njema kabisa mahali pake, na tumesafiri nayo hadi huku. Nikipita kwenye nyumba zetu mchana wa Novemba nakuta mapazia mazito yamefungwa, taa ndogo sebuleni, televisheni. Wanorwei wa jirani wanatoka hata mvua ikinyesha. Sisi tunasubiri hali ya hewa itengemae, na huku haitengemai hadi mwezi wa tatu.

Basi lengo la mradi ni moja: kila mmoja wetu apate mwanga wa kutosha machoni asubuhi au mchana, siku nyingi kadiri inavyowezekana, hadi Machi, na asiutafute peke yake.

Oktoba, katikati

Nimepakua programu ya kupima mwanga kwenye simu. Si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha mahali na mahali kinatosha. Mezani jikoni, taa ya dari ikiwa imewaka, ilisoma laksi 150 hivi (laksi ni kipimo cha nguvu ya mwanga). Nikasogea dirishani saa sita mchana: kama 600. Nikavaa koti nikatoka uani, mawingu yametanda na rasharasha inanyesha, siku ambayo kila mtu angesema ni ya giza. Ilisoma zaidi ya 5,000.

Nilirudi ndani nikarudia tena, kwa sababu macho yangu hayakuiona tofauti hiyo. Jicho hujirekebisha haraka mno, linakudanganya kwamba sebuleni na uani ni karibu sawasawa. Mwili haudanganyiki. Ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna seli ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha sura za vitu, ni kupima mwanga. Zina protini iitwayo melanopsini, iliyogunduliwa mwaka 1998, na taarifa zake huenda moja kwa moja kwenye saa ya mwili iliyomo ubongoni. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba saa hiyo ikikosa mwanga wa asubuhi huanza kuchelewa. Mtu ameamka, amevaa sare, yuko kituoni anasubiri basi, lakini ndani yake bado ni usiku wa manane.

Jumamosi niliwasomea wenzangu habari za Norman Rosenthal. Huyu ndiye daktari ambaye mwaka 1984, pamoja na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, alichapisha maelezo ya sonona, yaani huzuni nzito ya ugonjwa, inayokuja na majira ya baridi na kuondoka na kiangazi, pamoja na majaribio ya kuitibu kwa mwanga. Yeye ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Alihamia New York mwaka 1976, na ilipofika baridi akaona nguvu zake za kazi zimekatika bila sababu. Mzee mmoja wa Fizi aliposikia hivyo alinyoosha mkono akaomba nirudie. Kisha akasema, "Kumbe na yeye alitoka kwenye jua." Baada ya hapo watu wakaanza kuongea, maana kabla yake walikuwa wanasikiliza tu kwa adabu.

Waliyoyasema yalifanana. Kulala saa nyingi na kuamka umechoka. Kutamani mikate, chapati na vitu vitamu usiku. Kunenepa. Kuona simu ya rafiki inaita ukaiacha iite. Dada mmoja wa Mombasa alisema wa kwao wanamwambia amekuwa mvivu tangu aende Ulaya, na mwingine shangazi yake alimtafutia dua kwa kuamini ametupiwa kitu. Dua haina ubaya. Lakini ilinigusa kuona watu wazima, wachapakazi, wamebeba neno uvivu miaka yote hiyo kwa jambo lenye jina hospitali.

Oktoba, Jumapili ya mwisho

Saa zimerudishwa nyuma. Asubuhi imepata nafuu ya saa moja ya mwanga, alasiri imeipoteza. Watu wengi hulalamikia jioni kuwahi kuingia, mimi naishukuru hii asubuhi. Nimeomba nibadilishiwe zamu mbili za kuanzia jioni, nipate kutembea kabla ya kazi.

Novemba, mwanzoni

Huu ndio mwezi mgumu kuliko Desemba, na naandika hivyo baada ya kuuliza watu wengi. Desemba ina taa madirishani na sikukuu. Novemba haina kitu. Theluji bado haijakaa, kwa hiyo hakuna weupe wa kurudisha mwanga. Lami imelowa, majani yameoza, kila kitu kinaunywa mwanga mdogo uliopo.

Tuliweka matembezi ya mchana kwenye Ladestien, njia ya miguu inayofuata ufukwe wa ghuba upande wa Lade. Ni njia nzuri, ina upepo wa bahari, na watu wa pwani hujisikia nafuu wakiona maji. Tangazo kwenye kundi la simu lilisema atakayeweza aje. Wiki ya kwanza walikuja wengi. Wiki ya pili tulikuwa wachache, na waliokuja ni wale wenye hali nzuri. Wale ambao mradi ulianzishwa kwa ajili yao walikuwa ndani.

Hapo tukabadilisha utaratibu, na ndipo mradi ulipopata jina lake. Sasa hakuna anayekwenda Ladestien kukutana na wengine. Kila mmoja ana mtu anayempitia mlangoni. Unapiga kengele, unasimama kwenye ukumbi mdogo wa viatu, unasubiri mwenzako avae. Husemi, "Utakuja?" Unasema, "Nimekupitia." Mtu wa kwetu atakataa mwaliko kwenye simu bila shida, lakini hawezi kumwacha mtu amesimama mlangoni kwake na koti mwilini. Ataona haya, atavaa viatu. Hiyo haya ni ya heri.

Mama mmoja wa Uvira, mtu mzima, ndiye ninayempitia mimi. Siku ya kwanza alifungua mlango nusu.

"Mwanangu, leo mwili umekuwa mzito kama gunia la mkaa. Uende na wenzako."

"Shikamoo mama. Twende hadi kwenye benchi la kwanza tu, tukichoka turudi."

"Marahaba. Na barafu je? Mimi nikivunjika nyonga, nani ataninyanyua?"

Swali lake lilikuwa la haki. Njia zilikuwa zimeganda usiku. Mchana uleule nilikwenda dukani nikamnunulia vile vyuma vya kuvalisha chini ya viatu, vyenye meno mafupi na mpira wa kuvutia juu ya kisigino. Vinauzwa kila mahali huku. Nilimvalisha akiwa amekaa kwenye ngazi, nikamwonyesha jinsi ya kukanyaga kwa wayo mzima badala ya kutanguliza kisigino. Alikwenda hatua chache kwenye barafu, akasimama, akakanyaga kwa nguvu makusudi kuona kama itamsaliti. Haikumsaliti. Tukaenda hadi kwenye benchi la kwanza, akasema la pili liko karibu.

Tangu siku hiyo vyuma vya viatu na vitambaa vinavyong'aa gizani vimo kwenye bajeti ya kikundi. Ni vitu vidogo, lakini nimeona kwamba wengi wa wazee wetu hawafungiwi ndani na huzuni peke yake. Wanafungiwa na hofu ya kuteleza, huzuni inawakuta humo.

Novemba, mwishoni

Kazini mwenzangu Mnorwei aliniambia habari za Rjukan, mji ulio bondeni katika eneo la Telemark. Mlima unauzibia jua karibu nusu mwaka. Mwaka 1928 kampuni ya Norsk Hydro ilijenga gari la kamba la kupandisha watu mlimani wakalione jua, na mwaka 2013 wakaweka vioo vitatu vikubwa juu ya mlima, vinavyoongozwa na kompyuta kulifuata jua na kulimulikia uwanja wa mji. Niliisimulia kwenye kundi la simu na ikawafurahisha sana watu. Kumbe wenyeji waliozaliwa humu, babu zao wamezaliwa humu, nao wanahangaikia mwanga hadi kupandisha vioo milimani. Sisi tukinunua taa hatufanyi jambo la ajabu.

Desemba

Kipimo cha simu, Ladestien, saa sita mchana, mawingu: laksi 800. Siku nyingine hata hazikufika. Jua la hapa mwezi huu, hata likiwa katikati ya mchana na mbingu safi, linasimama nyuzi 3 tu juu ya upeo. Matembezi yanaendelea kwa ajili ya miguu, hewa na mazungumzo, ila kwa mwezi huu na nusu ya ule ujao hayawezi kuibeba kazi yote. Hapa taa ndiyo inashika zamu.

Tulichanga tukanunua taa za matibabu ya mwanga. Zinazunguka majumbani kwa wanaozihitaji zaidi, na Jumamosi asubuhi zote zinaletwa kwenye chumba cha jumuiya tunachopewa na mtaa, zinapangwa mezani, tunakunywa chai mbele yake. Naandika kwa kirefu namna ya kuzitumia kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza fedha.

Taa iwe ya laksi 10,000, iliyochujwa miale ya urujuanimno. Namba hiyo ni ya umbali maalumu ulioandikwa kwenye karatasi yake. Yetu ni sentimita 30 hivi. Nilipima mwenyewe mbele ya watu: usoni kwa umbali huo simu ilisoma karibu na namba ya kiwanda, nilipokisogeza kiti hadi kama mita moja ikaporomoka chini ya 2,000. Kwa hiyo taa iliyowekwa juu ya kabati upande wa pili wa sebule ni pambo. Iweke mezani, pembeni kidogo ya uso, usiikodolee macho, endelea na chai yako au kusoma. Nusu saa, mapema baada ya kuamka. Jioni usiiwashe, itakunyima usingizi.

Kuna watu ambao hawapaswi kuianza bila kuongea na daktari: wenye maradhi ya retina, wanaotumia dawa zinazoifanya ngozi au macho kuathirika na mwanga, na waliowahi kupata vipindi vya kupandwa na furaha na nguvu kupita kiasi, usiku hawalali na wala hawachoki. Kwa hao mwanga mkali unaweza kukirudisha kipindi hicho. Kaka mmoja wetu yuko katika hali hiyo. Alikwenda kwa daktari wake wa kawaida, wakapanga pamoja muda na kiasi.

Shemeji yetu anayefanya usafi usiku alihitaji mpango wake. Yeye akitoka kazini saa moja asubuhi anakwenda kulala, na mwanga mkali saa hiyo unamwamsha badala ya kumpumzisha. Anarudi na miwani ya giza, analala kwenye chumba chenye pazia zito kweli, na taa anaitumia anapoamka. Mapazia niliyoyalaumu Septemba kwake ni dawa.

Kuna aliyeuliza kama haya yana ushahidi au ni biashara ya taa. Nilimpa utafiti wa Kanada wa mwaka 2006, ulioongozwa na Raymond Lam. Wagonjwa 96 wa sonona ya majira waligawanywa, wengine wakapewa taa halisi na kidonge cha kuigiza, wengine dawa ya sonona iitwayo fluoxetine na taa ya kuigiza, kwa wiki 8, bila kujua kipi ni halisi. Nafuu ililingana pande zote mbili, karibu theluthi mbili ya watu. Hiyo haimaanishi mtu aache dawa zake. Inamaanisha taa ni tiba, iheshimiwe kama tiba.

Na mafuta ya samaki? Wanorwei hunywa mafuta ya ini la chewa (samaki aitwaye cod kwa Kiingereza) miezi yote yenye herufi r katika majina yake kwa lugha yao, yaani Septemba hadi Aprili. Kijiko cha chai cha mililita 5 kina mikrogramu 10 za vitamini D, kiasi kinachoshauriwa huku kwa siku kwa walio chini ya miaka 75. Ngozi zetu nyeusi zinahitaji jua zaidi kuitengeneza vitamini hiyo, na jua la baridi la huku haliitengenezi kabisa, kwa hiyo tunywe, na watoto wapewe. Mifupa na misuli inaihitaji. Ila tusiitegemee kuondoa huzuni: utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2020, wenye watu wazima zaidi ya 18,000 waliofuatiliwa kama miaka mitano, haukuona vitamini D ikizuia sonona.

Januari

Sikukuu zimekwisha, taa za madirishani zinatolewa. Mchana umeanza kurefuka lakini asubuhi bado nyeusi, kwa sababu jua la jioni huanza kuchelewa kuzama siku kadhaa kabla ya lile la asubuhi kuanza kuwahi. Watu wanahisi wameahidiwa kitu na hawakipati.

Mwezi huu tumefanya kazi ya maneno. Mtafiti Kelly Rohan wa chuo kikuu cha Vermont aliwalinganisha watu 177, wengine wakatumia taa, wengine wakapewa mazungumzo ya tiba yanayomfundisha mtu kuyakagua mawazo yake kuhusu majira na kujipangia shughuli. Baridi ya kwanza walipata nafuu sawa. Baridi ya pili baada ya ile, waliorudiwa na sonona walikuwa asilimia 46 kwa kundi la taa na 27 kwa kundi la mazungumzo. Sisi si wataalamu na hatutoi tiba, lakini hilo la mawazo na shughuli tunaweza kulifanya mezani kwetu.

Sentensi iliyojirudia zaidi kwetu ni: "Siku imekwisha." Inasemwa saa tisa alasiri, mtu akichungulia dirishani. Kwa mtu wa kwetu giza likiingia ni kuoga, kula, kulala. Ndivyo siku ilivyopangwa tangu utoto. Saa tisa ikiwa nyeusi, mwili unajiandaa kwa usiku na zimebaki saa sita au saba mtu hana la kufanya nazo ila kula na kuangalia simu. Basi tumeijaza saa kumi. Jumatatu wanawake wanapika pamoja kwa mmoja wetu, vijana wana mpira wa ndani, na mzee wa Fizi anawafundisha watoto kusoma Kiswahili siku ya Alhamisi. Alikuwa mmoja wa walioniambia Oktoba kwamba kuanzia saa tisa hana kazi duniani. Sasa anapigiwa simu na watoto akichelewa.

Dada mmoja hajaja wiki hizi hata kwa kupitiwa. Mlango alifungua, akalia, hakuweza kuvaa. Hatukumlazimisha kutembea. Anayempitia alikaa naye, akampigia daktari wake wa kawaida kwa idhini yake, akaenda naye siku ya miadi. Ametibiwa na bado tunampitia, kukaa tu. Namba zimebandikwa kwenye mlango wa chumba cha jumuiya na nazirudia hapa kwa walioko Norwei: 116 123 ni simu ya msaada ya Mental Helse, usiku na mchana, 116 117 ni daktari wa zamu, hatari ya maisha ni 113. Mtu akisema amechoka kuishi, hatuiti hiyo ni baridi, wala hatumwachi aende kulala kwanza.

Februari

Theluji imekaa na jua limepanda. Jumapili tulichukua tramu hadi Lian, kwenye msitu wa Bymarka, na watoto wakateleza kwa vibao. Simu ilisoma zaidi ya laksi 20,000, na mama wa Uvira aliomba miwani ya jua. Theluji mbichi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoiangukia, kwa hiyo unakupata kutoka juu na kutoka chini.

Taa zinaendelea hadi katikati ya Machi kwa wale ambao asubuhi bado ni nzito, wengine wameshazirudisha. Kaka mwenye daktari wake anaendelea kufuatiliwa kwa karibu, kwa sababu mwanga unaporudi kwa kasi nao una hatari yake kwake.

Tumeshapanga ya mwaka ujao. Vyuma vya viatu vinunuliwe Septemba, kabla havijapanda bei na kuisha. Jozi za kupitiana zipangwe kwa mtaa na kwa zamu za kazi, kwa sababu mwaka huu wawili waliopangiwa pamoja hawakuwa nyumbani kwa wakati mmoja. Familia mpya zinazoletwa na manispaa zipewe mtu wa kuwapitia wiki ileile wanayofika, hata kama ni kiangazi na hawaelewi bado tunaongelea nini. Mama wa Uvira ameomba wa kwanza awe wake.

Jumatano anayepitiwa ni mimi, saa tano, na nina zamu ya mchana.